Samli ya Zipora Ina Nywele

Mimi nina hasira, na sioni haya kusema. Wengine hasira zao huchemka polepole, mtu anapata hata nafasi ya kuaga na kuondoka. Zangu hazina subira hiyo. Ukinigusa pabaya nimeshakujibu kabla hujafunga mdomo, na mara nyingine nimekujibu kwa mwiko. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, bibi yangu alizidi, kwa hiyo mkitaka kulaumu anzieni makaburini.

Basi hasira hizo nilihamia nazo Dodoma, pamoja na vibuyu vyangu vya kusukia maziwa, miaka ile gari moshi la Wadachi, hao Wajerumani, lilipoanza kusimama pale. Mji haukuwa mji bado. Palikuwa na stesheni, boma, maduka ya Wahindi yanayohesabika, na vumbi. Lakini penye reli pana njaa. Watu wanashuka, watu wanapanda, mafundi, wapagazi, askari, na kila mmoja tumbo linanguruma. Wote wanapenda chakula kinachonukia, na mimi nilikuwa na samli.

Sijisifu, naeleza tu. Maziwa niliyagandisha kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri, nikayasuka mpaka mabega yakaniuma, siagi nikaiosha, nikaiyeyusha kwa moto mdogo huku nikiengua povu, kisha nikaichuja kwa kitambaa, nikaichuja tena. Ukiifungua samli yangu chumbani, jirani anameza mate. Ng'ombe walikuwa wa mume wangu, Filipo. Kwetu Ugogo ng'ombe ni wa mwanamume, hilo halina ubishi, lakini maziwa yakishavuka mlango ni mali ya mke. Anywe nani, yagande yapi, mume haulizi. Na Filipo hakuuliza. Ni mtu mpole, ana sauti nzuri ya kuimba kanisani, na uvivu wake ni wa aina ile isiyoudhi sana. Tulikuwa tumejaliwa mtoto mmoja, Sila, ndiyo maana mimi namwita Baba Sila na yeye ananiita Mama Sila.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mwajabu, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa akikaanga vitumbua karibu na stesheni. Vitumbua vile ndivyo vilivyonitangaza. Mgiriki mwenye hoteli akala kimoja, akauliza kimekaangwa na nini, kesho yake mpishi wake akaja kwangu na debe tupu. Baada ya mpishi wakaja Wahindi. Baada ya Wahindi wakaja watu ambao hata sikuwajua. Mara nikawa naamka kabla ya majogoo na bado samli haitoshi.

Ndipo maneno yakaanza. Ati Zipora ana joka linalotambaa mazizini mwa watu kunyonya ng'ombe wao, kisha linakuja kutapika maziwa kwangu. Ati Zipora anachanganya mafuta ya kondoo. Siku moja fundi mmoja wa reli akaja, akatia kidole kwenye chungu changu bila hodi, akakilamba, akasema mbele ya watu, "Hii si samli, hii ni mafuta ya kondoo." Sijui nini kilinipata. Nilishtukia kata ya mtindi imeshamwagika kichwani kwake, na yeye amesimama anapepesa macho, ndevu zinadondoka matone.

Jioni ile Mwajabu alinifuata nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Zipora mwenzangu," akasema, "mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Zamani ulikuwa unauza kibuyu kimoja, nani alikuwa na habari nawe? Sasa unauza kwa Mgiriki. Watakuchungulia chunguni, watakuchungulia mpaka kitandani."

"Wachungulie. Watapata mwiko."

"Wallahi, na huo mwiko ndio utakaokutoa sokoni. Hukusikia mbiu?"

Mbiu nilikuwa nimeisikia. Boma lilikuwa limejenga soko jipya lenye mapaa, na akida mgeni, Bashiri, aliyeletwa kutoka Kondoa, ndiye aliyepewa kazi ya kugawa vibanda. Kulikuwa na kibanda kimoja kilichotengwa kwa samli na asali, pale langoni, penye kivuli asubuhi na jioni. Kila aliyejua biashara alikitaka. Lakini Akida Bashiri alikuwa mtu wa utaratibu, na mpiga mbiu wake alikuwa ametangaza mji mzima kwamba mgomvi hana nafasi. Mtu yeyote atakayezusha fujo siku ya kugawa, anatolewa sokoni, na hataruhusiwa kuuza tena Dodoma. Si kibandani, si chini ya mti, si mlangoni kwake.

"Wewe siku hiyo hutapita," Mwajabu akasema. "Watakuja makusudi kukuchokoza. Utamwaga mtindi mpaka juu ya Akida."

Nilishikwa na hofu ya kweli. Kile kibanda nilikitaka hata ndotoni. Nilikuwa nimeshakiona: vyungu vyangu vimepangwa, mimi katikati, na Mgiriki mwenyewe amesimama kwenye foleni.

"Sasa nifanyeje? Nimeze hasira kama dawa?"

"Zoea kusemwa. Wanaokula pilipili kila siku, mwisho haiwachomi. Tafuta mtu akutukane."

Tukacheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Matonya.

Huyu Matonya alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wametaniana tangu mababu. Tukifiwa, wao ndio wanaokuja kuzika, na hao hao ndio wanaoigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukoroma, mpaka wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani. Anaweza kunyakua kuku wako akamchinja, nawe huna haki ya kununa. Ukinuna, umemkosea yeye na mababu zake. Kwa sababu hiyo mimi nikimwona Matonya kwa mbali nilikuwa nikibadili njia. Mtu mfupi, kipara kinachong'aa, ugoro puani, kazi hana, na mdomo wake haujapata kulala njaa.

Nikamtumia salamu kwamba aje anitukane. Alikuja asubuhi yake, jua halijachomoza vizuri.

"Mbukwa, mtani!" akanisalimu Kigogo kwa kelele tangu nje. "Nimesikia unalipa watu wakutukane. Siku hizi umekuwa tajiri kweli, hata matusi unanunua!"

"Silipi. Matani hayalipwi."

"Basi leta mtindi. Na usafishe kata, nisije nikafa kwa uchafu wako kabla sijaanza kazi."

Siku ya kwanza nilishindwa vibaya. Alianza na pua yangu, akasema Mungu alipokuwa akigawa pua mimi nilifika mbio nikajigonga ukutani. Hilo nilivumilia. Akaja kwenye mwendo wangu, akainuka akaniigiza ninavyokwenda kisimani, kiuno kushoto, kiuno kulia, mtungi unayumba. Sila akaanguka chini kwa kicheko. Hilo nalo nikavumilia. Kisha akachungulia chunguni, akakunja uso, akasema, "Samli ya Zipora ina nywele."

Mwiko ulipita karibu sana na sikio lake.

"Umeshindwa," akasema kwa upole, akauokota mwiko, akaufuta, akanirudishia. "Kama ni sokoni, saa hizi askari amekushika mkono. Leta mtindi mwingine."

Tukaendelea hivyo. Asubuhi kwa asubuhi anakuja, anakunywa, ananitukana, anaondoka. Aliigiza wateja wa kila aina. Alikuwa yule mama anayeonja pande zote za chungu kisha anasema atarudi kesho. Alikuwa mwalimu wa misheni anayeuliza kama mwanamke Mkristo anafaa kukaa sokoni na wanaume. Alikuwa jirani anayeuliza habari za joka. Katikati ya uigizaji, ghafla tu, wakati nimejisahau, anapaza sauti: "Samli ya Zipora ina nywele!"

Hilo ndilo lililoniuma. Mengine yote nilianza kuyazoea, lakini hilo lilinichoma kila mara kama jipya. Siku moja machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi.

"Pua yangu umeisema, miguu yangu umeisema, hata marehemu mama yangu hukumwacha," nikamwambia. "Mbona hili tu ndilo linaniumiza hivi?"

Matonya alivuta ugoro, akapiga chafya. "Pua yako hukuitengeneza wewe. Ulizaliwa ukaikuta. Samli umeitengeneza." Kisha akajikumbuka kwamba yuko kazini. "Tena umeitengeneza vibaya. Ina nywele."

Sijui ni uchovu au ni nini, lakini siku ile, badala ya kushika mwiko, nilimtazama kichwani. "Ni zako hizo," nikasema. "Ulipochungulia jana zikakukimbia zote, zikaona afadhali zikae kwenye samli kuliko kwenye hicho kibuyu chako."

Lo! Matonya alicheka mpaka akamwaga mtindi. Alijipapasa kipara, akacheka tena. Na mimi nilicheka, na nilisikia kitu kifuani kimelegea, kama mtu aliyefungua mkanda baada ya kushiba. Kuanzia hapo tulikuwa tunarushiana maneno mpaka majirani wanakuja kusimama nje kusikiliza. Nikajiona nimeiva. Waje sasa, nikasema moyoni. Waje na midomo yao yote.

Filipo naye alikuwa akijiandaa kwa njia yake. Siku mbili kabla ya vibanda kugawiwa alirudi kutoka kwa Mhindi na kanzu mpya, nyeupe pe, na kofia ya kazi ya sindano.

"Watu watatutazama, Mama Sila," akasema, akijigeuza huku na huku. "Lazima tuonekane watu."

Alipendeza, siwezi kusema uongo. Nilimsifu hata. Akaanza kujifunza kukohoa kikubwa-kikubwa, kikohozi kimoja kabla ya kusema neno, kama wafanyavyo wenye mali. Mdogo wake, Yotham, alikuja kumtazama na kusema sasa kaka yake amekuwa bwana mkubwa kweli. Yotham huyu ni mtu wa kuzunguka penye kivuli na penye chakula. Nilimwona, nikampuuza.

Siku yenyewe soko lilijaa mpaka nje ya lango. Watu walikuja kununua, na walikuja zaidi kutazama nani atapata nini na nani atagombana. Nilivaa kaniki yangu ya kazi, maana samli haichagui nguo, nikabeba vyungu mimi mwenyewe, nikavipanga pale langoni. Filipo alisimama kando yangu na kanzu yake inayoumiza macho kwa jua. Nyuma yake Yotham. Mwajabu alikuwa ng'ambo na karai lake la vitumbua, ananikonyeza nitulie. Waliokuja kunichokoza nao walifika. Mmoja aliuliza bei ya joka. Nikamwambia langu siuzi, na la kwako dogo mno silinunui, na watu wakacheka, na moyo wangu ukatulia tuli. Kumbe ndivyo ilivyo rahisi!

Akida Bashiri akaingia, kilemba kichwani, mpiga mbiu mbele, askari nyuma. Alikuwa anakwenda kibanda kwa kibanda. Anaonja, anauliza, anampa mkono mwenye mali, kisha mpiga mbiu anapiga ngoma yake na kulitangaza jina, na likishatangazwa limetangazwa. Boma halirudii.

Alipofika kwetu tukamwamkia, "Shikamoo, Akida."

"Marahaba."

Akachota samli kwa ncha ya kijiko, akaitia mdomoni. Akafumba macho.

"Mashallah," akasema. "Tangu nitoke Kondoa sijaonja samli ya namna hii."

Nikanyoosha mgongo. Mdomo wangu ulikuwa tayari, na majibu yangu yote yamepangwa kama vyungu. Aulize nywele, aulize mafuta ya kondoo, aulize lolote.

Akida Bashiri akanigeuzia bega, akampa Filipo mkono.

"Bwana, umefanya kazi. Umeifanyaje hata ikanukia hivi?"

Nilimtazama Filipo. Nikangoja. Neno moja tu lilitakiwa pale, tena fupi. Filipo akakohoa kile kikohozi chake.

"Tunashukuru, Bwana Akida," akasema. "Ni subira tu."

"Na huyu ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Anakusaidia?"

"Ananisaidia sana."

Ananisaidia! Haki ya Mungu, nilihisi damu inapanda kutoka kwenye nyayo. Mabega haya! Majogoo yale! Ananisaidia! Na nyuma yake Yotham alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kibanda, anapima kivuli. "Nitakuwa nakaa huku, kaka," akasema, "wewe utakuwa na mambo mengi." Hapo ndipo nilipoona yote kwa mara moja. Likitangazwa jina la Filipo, kibanda ni cha Filipo, na cha Filipo ni cha Yotham. Mimi nitasuka maziwa mpaka nizeeke, na Yotham atakaa kivulini anagawia rafiki zake samli kwa kata.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kata. Sikumbuki kuishika. Ng'ambo, Mwajabu alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, na askari alikuwa ananitazama mimi, maana sifa zangu zilikuwa zimemfikia. Nikipayuka, nimetolewa sokoni. Nikinyamaza, nimeporwa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na Dodoma nzima. Sikuwa nimejiandaa kutoonekana. Nikaweka kata chini, na naapa hakuna mzigo nilioutua kwa shida kuliko ule. Macho yaliniwasha kwa machozi na hasira.

Mpiga mbiu akainua fimbo ya ngoma.

"Ngojeni!" sauti ikatoka katikati ya watu. "Zipora! We mwanamke! Samli yako ina nywele!"

Matonya alikuwa anajipenyeza, kipara kinang'aa, kata mkononi. Kwanza nilimchukia. Nilidhani amechagua saa hiyo ya msiba wangu aje acheke. Lakini nilipomtazama usoni hakuwa anacheka. Alikuwa ananikazia macho.

"Umekuwa bubu, mtani?" akasema. "Nimenunua samli kwako, nimekuta nywele. Sikununua kwa mtu mwingine. Sikumwona mtu mwingine akisuka. Nataka mwenye samli anijibu!"

Mwajabu, Mungu ambariki, alikuwa mwepesi kuliko mimi. "Hata mimi!" akapaza sauti. "Wiki iliyopita Zipora aliniuzia ikiwa na harufu ya moshi!"

"Na mimi Zipora alinipunja!" akasema mama mmoja.

"Zipora alinitukania mama yangu!"

"Mimi alinimwagia mtindi!" Huyo alikuwa fundi wa reli, na huyo hakuwa anatania.

Zipora, Zipora, Zipora. Soko zima lilikuwa linaniita. Akida Bashiri alikunja uso, akamgeukia Filipo, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Bwana, unayasikia haya? Mwenye kibanda ndiye anayejibu mbele ya Boma. Anayewalisha watu uchafu anafungwa mnyororo. Haya, jibu. Samli yako ina nywele?"

Filipo alimtazama askari. Akatazama mnyororo uliokuwa ukining'inia kiunoni kwa askari. Kikohozi hakikutoka.

"Si yangu, Bwana Akida!" akasema, haraka mno mpaka maneno yakagongana. "Samli ni ya Zipora. Tangu mwanzo ni ya Zipora. Mimi ni ng'ombe tu!"

Watu waliangua kicheko kimoja. Yotham alikuwa ameshaondoka kwenye benchi, sijui alipitia wapi.

Akida akanigeukia. Ndiyo kwanza anitazame usoni. Watu wote walikuwa wananitazama, na mnyororo ni mnyororo. Lakini nilisogea mbele.

"Ni yangu," nikasema. "Nimeisuka mimi, nimeipika mimi, nimeichuja mimi. Kama ina nywele ni zangu. Ila za huyu mwenye kipara, hizo alizimwaga mwenyewe alipokuwa anachungulia kwa watu."

Matonya alijipapasa kichwa, soko likacheka tena, na nikaona masharubu ya Akida yanachezacheza. Yeye ni Mrangi, anajua watani. Hata hivyo kazi ni kazi.

"Tutaona," akasema. "Leteni kitambaa cheupe, safi. Ichujwe mbele ya watu wote."

Kitambaa cheupe, safi, Dodoma, mwezi wa vumbi! Watu wakatazamana, wakatazama kaniki zao, wakatazama miguu yao. Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakaenda yakatua kwenye kanzu ya Filipo.

"Bwana Akida, ni mpya," Filipo akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Ndiyo inayofaa."

Wakatandaza pindo la kanzu juu ya chungu kitupu, Filipo mwenyewe akiwa ndani yake, ameinama kama mtu anayevuka mto. Nikainua chungu changu kikubwa. Jua lilikuwa limeshaiyeyusha samli, ikamiminika ya manjano, inang'aa, harufu ikapanda mpaka watoto wakasogea. Nilimimina yote bila kuharakisha. Akida akainama, akatazama pindo kwa jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto, akapitisha kidole. Kitambaa kilikuwa kimelowa mafuta, na juu yake hapakuwa na kitu. Hata kapi.

"Hakuna," akasema.

"Basi ni kweli zilikuwa zangu," Matonya akasema. Akanyoosha kata yake, nikamjazia bila kuombwa.

Akida Bashiri akanipa mkono. Alinipa sawasawa na alivyowapa wengine, mkavu na mzito. "Mama," akasema, "sifa nilimpa mtu mwingine kwa makosa. Lawama zenyewe zilijua njia ya kuja kwako." Akamwashiria mpiga mbiu.

Ngoma ikalia. "Kibanda cha langoni, cha samli na asali, ni cha Zipora! Mwenye neno, jema au baya, aende kwa Zipora!"

Na wakaja. Jamani, walikuja! Yule mama alitaka aliyopunjwa, nikampimia akachoka mwenyewe. Mmoja aliuliza joka linalala wapi, mwingine akauliza kwa nini bei imepanda, mwingine hakuwa na la kuuliza, alitaka tu kuniona kwa karibu. Fundi wa reli alisimama mbele yangu na ndevu zake. Nikamwomba radhi, kwa kweli ilinigharimu, nikamjazia kibuyu kidogo, akanusa, akasema bado ni mafuta ya kondoo. Nikamwambia ndiyo, kondoo mwenyewe ni wewe. Alicheka, akakaa chini akangoja wenzake waje wanione.

Filipo alirudi polepole, pindo la kanzu linamdondoka samli miguuni, kofia imeenda upande. Akasimama mbele ya kibanda, uso chini.

"Mama Sila," akasema, "nilikuwa nataka kusema. Tangu pale mwanzo, neno lilikuwa hapa mdomoni."

Nilimtazama. Hasira nilizitafuta, nikazikuta zipo, lakini nyuma yake watu walikuwa wananyoosha shingo, wanainuka kwa vidole vya miguu, mmoja amembeba mwanawe begani.

"Yatosha, Baba Sila," nikamwambia. "Sogea kidogo. Unaniziba, watu hawanioni."